Picha Zisizo na Rula

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo sana. U hali gani, na wa hapo kwako wote wanaendeleaje? Usingizi unakuja siku hizi, au bado unaamka na kusikiliza mabati mpaka kuche? Sisi huku miili ni mizima. Mama anakusalimu. Macho yake yametulia tangu apate dawa mpya ya matone, ila analalamika kwamba sasa anaona vumbi ambalo zamani alikuwa amesamehewa. Mdogo wangu amefaulu mtihani wa udereva, na tangu siku hiyo anatembea kama mwenye gari. Ukuta wa jirani ulioanguka wakati wa mvua umejengwa upya, kwa hiyo kelele zao zimepungua kidogo.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako, Shangazi, hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo, kisha huwekwa sauti ya juu ili nyumba nzima isikie. Haya ni ya macho yako peke yako, ndiyo maana herufi nimeziandika kubwa. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujamwita mtu.

Nimepata kazi mpya. Ile studio ya picha za pasipoti ilifungwa, na nilikaa nyumbani kwa muda hadi nikaanza kupanga vijiko kwa ukubwa. Ndipo makumbusho wakatangaza kwamba wanamtafuta mtu wa kupiga picha mkusanyiko wao wote wa nguo na ubunifu: magauni, makoti, kofia, viatu, viti vya kukunja, hata mabuli ya chai. Niliomba, nikaitwa, nikapewa. Mama alilia kwa furaha. Mdogo wangu yeye alisema, "Dada, zamani ulikuwa unapiga watu wasiotaka kutulia, sasa unapiga nguo zisizo na watu. Umepanda cheo au umeshuka?"

Chumba changu kiko chini ya ngazi za nyuma. Hakina dirisha, kwa kuwa jua hula rangi za nguo. Kuta zimepakwa kijivu. Kuna meza kubwa katikati, taa mbili zenye miavuli myeupe, kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu, na mlango mzito unaojifunga wenyewe. Ukiwa ndani husikii kitu cha nje. Hata mtu akiingia, unamjua kwa harufu ya sabuni yake kabla ya sauti yake.

Kazi yenyewe ina utaratibu, na wewe unanijua mimi na utaratibu. Unavaa glavu. Nguo inaletwa kwenye sanduku lake kutoka ghalani. Kwanza unaijaza karatasi nyororo mikononi na kifuani, taratibu, ili isimame kama ilivyosimama mwilini mwa mwenyewe. Hapo ndipo pana jambo ambalo sikuambiwa wakati wa usaili. Gauni likishajazwa, mabega huinuka, na kwa sekunde moja unadhani kuna mtu amevuta pumzi. Siku za mwanzo nilikuwa nasema "samahani" kabla ya kugusa kola.

Kisha unaweka rula pembeni ya nguo, na kadi ya rangi, na namba yake. Vitu hivyo vitatu havikosi kwenye picha hata moja. Rula inaonyesha ukubwa, kadi inaonyesha rangi ya kweli, na namba inasema kitu hiki ni cha makumbusho haya na hakuna mahali pengine pa kukiweka. Picha isiyo na vitu hivyo ni pambo tu.

Anayenipa nguo ni mtunza ghala. Wote tunamwita Mzee Nondo, kwa sababu kutwa nzima anawalaani nondo wanaokula sufu, kwa matusi ambayo siwezi kukuandikia wewe. Anayenisimamia ni Mkuu wa idara, mama wa makamo. Sauti yake ni ya chini kiasi kwamba watu humsogelea ili wamsikie, na wakishasogea huwashika mkono na hauachii mpaka amalize. Ananiita "mwanangu". Mwanzoni nilipenda.

Sasa Shangazi, habari yenyewe. Katika droo za chini kabisa, siku nilipokuwa nasaidia kuhamisha masanduku, nilikuta koti la Bibi.

Ndiyo, lile lile. Lile alilolishona kwa mabaki ya kila kitambaa kilichopita kwenye cherehani yake: sare ya wauguzi, pazia la nyumba ya mwalimu mkuu, bitana ya suti za watu waliokwisha kusahauliwa, na ile khaki ya rangi ya majivu upande wa kushoto kifuani, iliyotoka kwenye shati la kwanza la kazi la Baba. Nilisimama hapo na glavu zangu nikaiwekea mkono juu. Unajua kwamba Baba hakuacha kitambaa kingine chochote. Nguo zake ziligawiwa zote. Cha kaka yako kilichobaki ni kipande kile tu, ukubwa wa kiganja.

Kwenye kibandiko waliandika, "Mshonaji hajulikani."

Nilipanda ngazi mbiombio hadi kwa Mkuu nikamwambia kwamba mshonaji anajulikana, ni mama mzazi wa baba yangu, na mtu aliyelileta koti ni shangazi yangu, kwa ajili ya maonyesho ya mafundi cherehani, kabla hajahamia mbali. Mkuu akanishika mkono. Akataka hadithi yote, kipande kwa kipande. Nikamwambia yote, hadi ya pazia la mwalimu mkuu na jinsi Bibi alivyolipunguza upande bila mwenyewe kujua. Tulicheka sana. Alisema, "Mwanangu, kitu chenye hadithi si sawa na kitu kisicho nayo." Kesho yake koti lilikuwa limetolewa droo ya chini na kuwekwa rafu ya mbele, karibu na mlango. Nikaona wameliheshimu.

Muda si mrefu alianza kuniagiza picha za namna nyingine. Nikimaliza nguo fulani kwa utaratibu, ananiambia nitoe rula, nitoe kadi, nitoe namba, nishushe taa moja ili mikunjo ionekane laini, nipige tena. Ni za kalenda, alisema. Si nguo zote. Anazichagua yeye. Nikazipiga, na nakwambia kweli, zilitoka nzuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga maishani. Alizitazama kwenye kompyuta yangu, kisha akanipapasa bega.

Mojawapo ilikuwa kofia ya manyoya meusi. Nilipoikuza baadaye nikaona ukingo wake haukukaa sawa, nikaenda ghalani kuiomba tena. Mzee Nondo alisita, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na karatasi nyororo tu, nayo bado imeshika umbo la kofia.

"Imeenda mapumzikoni," alisema.

Ni kweli nguo hupumzishwa, Shangazi. Zikikaa sana kwenye mwanga huwekwa gizani kwa muda. Nikamuuliza inapumzikia wapi, maana giza tunalo hapa hapa la kutosha.

Akafunga sanduku. "Binti, wewe piga picha. Nguo ukishaipiga picha, imeshafanya kazi yake."

Tangu siku hiyo nikaanza kuangalia. Nina tabia ya kuandika shajara, kwa hiyo najua nilichopiga na lini. Kila kilichopigwa pamoja na rula tu kipo kwenye rafu yake. Kila kilichopigwa bila rula, nikikiulizia, kipo mapumzikoni.

Mpiga picha aliyenitangulia siku hizi anakata tiketi langoni. Sikujua kama ndiye, hadi asubuhi moja aliponiita nikipita.

"Dada wa picha. Wameanza kukuagiza zile zisizo na rula?"

"Wameanza."

"Na unazipiga vizuri?"

Nikacheka, nikamwambia ndicho nilichoajiriwa kufanya.

"Haya," akasema. "Hata mimi nilizipiga vizuri. Nilipoanza kuzipiga vibaya wakaniambia kazi hii ya hewa safi itanifaa zaidi kwa kifua changu." Akamgeukia mama mmoja mwenye watoto, akawakatia tiketi zao, akawaambia kwa uchangamfu waanze na ghorofa ya pili, ndiko kwenye nguo. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Kifua changu hakina tatizo lolote."

Halafu yuko mtu tunayemwita Mgeni. Huvaa viatu vya soli laini, humsikii akija. Wiki iliyopita aliingia chumbani kwangu na Mkuu, nikiwa nimelaza mezani gauni la mahameli. Akalipitisha kiganja chake kitupu, bila glavu, kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Mkuu, aliyenigombeza kwa kupiga chafya umbali wa hatua kadhaa kutoka kwenye leso, hakumkataza. Mgeni akasema, "Hili litakaa vizuri kwenye ngazi zangu." Ngazi zake, Shangazi. Za nyumbani kwake. Mkuu akaniomba nitoe rula.

Hapo nikaelewa kalenda ni ipi.

Jana, Ijumaa, Mzee Nondo alileta koti la Bibi mezani kwangu. Hakuniangalia. Alililaza, akalinyoosha mikono kama mtu anayemlaza mgonjwa, akaenda mlangoni. Akasimama hapo akinipa mgongo.

"Mwenye koti hili alikuwa anacheka kwa sauti," alisema. "Siku alipolileta aliniambia, 'Mzee, nakuazima, sikupi. Likiliwa na nondo nitarudi nikushone wewe.' Nilikuwapo mimi. Alisema ameazima."

"Sasa Mzee, mbona hukusema?"

"Nimebakiza kidogo nistaafu, binti. Mwenyewe akija, nitasema mbele ya yeyote. Mwenyewe asipokuja, nitamsemea nani?"

Alikuwa hajafika mwisho wa korido, Mkuu na Mgeni wakaingia. Mgeni aliliinamia koti akawa anatafuta kwa kidole, kipande kwa kipande, hadi akakifikia kile cha khaki. "Na hili ndilo shati la marehemu," akasema. Si kwamba aliuliza. Alikuwa anakumbuka. Hadithi niliyompa Mkuu alikuwa ameikariri yote, hata pazia la mwalimu mkuu, na akacheka pale pale tulipochekea sisi.

Mkuu akasema, "Toa rula, mwanangu."

Sikuitoa, Shangazi. Sijui nguvu niliipata wapi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Koti hili ni la kuazimwa, Mkuu. Mwenyewe anakuja kulichukua."

"Nani?"

"Shangazi yangu."

"Lini?"

Nikasema Alhamisi. Sijui kwa nini Alhamisi. Ndiyo siku iliyokuja mdomoni. Kisha nikazima taa zote mbili, nikasema balbu zimechemka mno.

Nilitegemea afoke. Hakufoka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Vizuri sana," alisema. "Tutampokea kwa heshima zote. Ila kwa goti lile, safari ya basi itamuumiza. Tutamtumia gari limfuate huko huko, na karatasi zote tutazimaliza nyumbani kwake, asihangaike kuja."

Sijawahi kumtajia mtu yeyote pale habari za goti lako.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anamenya papai kubwa, anaimba. Nikamuuliza limetoka wapi. Akaniambia ni la kwenye kapu la matunda alilolileta mtu wa kazini kwangu, Jumatano nikiwa kazini. Mtu mwenye adabu sana, alivua viatu vyake laini mlangoni bila kuambiwa. Alikuja kuwapongeza wazazi wa mfanyakazi bora, alivyosema. Mama akamkaribisha chai, wakazungumza mchana mzima kuhusu Bibi, na Baba, na wewe. Alitaka kujua kama Bibi ana mtoto mwingine aliye hai. Mama akamwambia upo. Akamweleza unakaa wapi, njia ya kukata baada ya kinu cha kusaga, lango la bluu, na kwamba goti halikuruhusu kutoka mara kwa mara. Akamwambia pia kwamba huoni vizuri maandishi madogo.

Mama sijamwambia chochote. Ameliweka lile kapu juu ya kabati la sebuleni ili wageni walione. Papai nilikula kipande kimoja kwa ajili yake.

Kwa hiyo Shangazi wangu, nisikilize. Ukiona gari zuri limesimama langoni, na mtu mwenye adabu akavua viatu, mpe maji ya kunywa na usimpe kitu kingine. Akisema nimemtuma mimi, sikumtuma. Akitaja jina langu, na la Mama, na akajua vitu ambavyo ndugu tu ndio wanavijua, usilainike. Alivinywa pamoja na chai yetu. Karatasi yoyote atakayokupa, hata akisema ni ya kukurudishia koti, hata akisema ni ya kupokea posho ya safari, usitie sahihi wala dole gumba. Akiondoka, funga lango.

Na uje. Najua ninachokuomba, na goti lako, na umbali huo. Mdogo wangu angekuja kukuchukua, lakini ana leseni na hana gari, na mimi nikikosa kazini siku moja sitalikuta koti. Kwa sasa liko ghalani chini ya ufunguo wa Mzee Nondo. Mkuu ana ufunguo wa pili. Jana kabla sijatoka nililipima kwa futi, nikalikunja mwenyewe, nikaliweka sandukuni. Kila asubuhi nitaomba kulipangusa vumbi sanduku hilo, ili nijue kama bado lina uzito.

Ukifika Alhamisi, usipitie ofisini. Njoo langoni, mwambie mkata tiketi kwamba umekuja kwa Mzee Nondo. Ongea kwa sauti yako ile ile ya siku zote, wageni wote wakusikie. Pale chini kwangu kuna ukimya ambamo vitu vinapotelea, na mimi pekee sauti yangu haitoshi. Wewe ndiye uliyewaazima. Neno lako, na la Mzee yule, ndiyo yote tuliyo nayo.

Iwapo gari limetangulia barua hii na umekwisha kutia sahihi, usijilaumu, na usiniambie kwa simu. Njoo hivyo hivyo.

Anayekuletea barua hii ni muuguzi wa nyumba ya tatu, anasafiri kesho kwenda kazini kwake huko upande wenu. Nimemwambia akupe mkononi mwako. Yeye hajui kilichomo.

Nisalimie sana mzee wa hapo, mwambie bado nakumbuka alivyonifundisha kukaa kwenye baiskeli. Wasalimie binamu zangu wote wawili na wake zao, na yule mjukuu mpya ambaye sijamwona. Mbusu utosini kwa niaba yangu. Mama anasema anakudai mkeka. Mdogo wangu anasema ukija atakuonyesha leseni yake, uwe tayari kuitazama kwa muda mrefu.

Mungu awe mbele yako njiani, Shangazi, na nyuma yako pia.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na ninayekusubiri,

Macho Manne, kama ulivyoniita nilipovaa miwani.